Mashua Iliyogoma Mbele ya Kinondo

Wajukuu wangu wananicheka. Gari likiingia kituo cha petroli pale Ukunda, wao wanaziba pua, mimi nashusha kioo. "Bibi, unanusa nini?" Nawaambia nyamazeni, hamjui kitu. Harufu ile kwangu ni harufu ya leso ya mama, na najua neno hilo linavyosikika. Leso ya mama wa mtu inatakiwa inuke udi, au moshi wa kuni, au nazi. Ya mama yangu, katika kipindi kimoja cha utoto wangu, ilinuka petroli, nami niliilalia hivyo hivyo kwa sababu mwenyewe hakuwepo.

Ninyi wa umri wangu mliokulia huku kusini mtazikumbuka siku zile. Bendera mpya ilikuwa bado inatufanya tusimame kuitazama. Wazungu waliokuwa na nyumba ufukweni, kuanzia Diani hadi Galu, walikuwa wanafungasha mmoja mmoja. Si wote, lakini yule wetu alifungasha. Nasema wetu kwa sababu baba alikuwa mpishi wake, na mama alikuwa mfuaji na mshonaji wa nyumba ile tangu kabla sijazaliwa. Memsabu alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni, na aliyeitumia hasa ni mama. Mapazia yalipita hapo, na mashuka, na mashati ya bwana yaliyochanika. Jioni akirudi nyumbani alikuwa akiisimulia cherehani ile kama watu wanavyomsimulia mtoto wa jirani mwenye adabu.

Bwana naye alikuwa na mashua. Haikuwa ya kazi, ilikuwa ya kujifurahisha tu. Ilikuwa nyeupe, injini yake imo tumboni chini ya sanduku la mbao, na tangi la petroli limejificha mbele chini ya sitaha ndogo. Zamani alikuwa akienda nayo kuvua mwambani, baba akikaa mbele kushika nanga na kumimina chai. Kisha bwana akaumwa mgongo, mashua ikapandishwa juu ya magogo chini ya mivinje, ikakaa huko mpaka mbao zikakauka na kuachana.

Siku za mwisho, bwana alimwita baba barazani akamwambia kwamba yeye na mkewe wamefanya kazi vizuri miaka yote hiyo, kwa hiyo wachukue kitu kimoja cha nyumba ile, chochote wakipendacho. Wakati huo mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanika mashuka. Palikuwa na hatua chache tu kutoka barazani mpaka pale. Baba hakwenda kumwita. Alijibu papo hapo, "Mashua, bwana."

Nilikuwa na mama kwenye kamba ya nguo baba alipokuja kutupa habari, anacheka peke yake kama mtu aliyeokota embe la kwanza la msimu. Mama alikuwa na kibanio mdomoni. Akakitoa.

"Kitu kimoja tu?"

"Kimoja tu. Lakini kitu chenyewe mashua, mke wangu! Mashua!"

"Na cherehani?"

"Ah, ile memsabu atampa rafiki yake wa Likoni."

Mama alimaliza kuanika lile shuka. Akazivuta pembe zake zikanyooka, akachukua karai lake akaingia ndani. Hakupaza sauti. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sikuwa nimeujua msemo huo bado, ila siku ile niliogopa bila kujua naogopa nini.

Mshindo ulikuja wenye nyumba wapya walipomtaka baba aendelee kuwapikia, naye akakataa. Alisema mtu mwenye mashua yake hawi boi wa mtu. Hoteli zinakuja Diani, wageni watataka kupelekwa mwambani, na nani atawapeleka? Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunga nguo zake ndani ya leso moja, akaiacha ile pacha yake juu ya kitanda changu.

"Kazi tulifanya wawili," alimwambia baba mlangoni. "Ukachagua peke yako."

"Subiri basi uone itakavyotulisha!"

"Haya. Hicho chombo chako kikijua njia ya Msambweni, kitanikuta huko kwa baba yangu."

Akaenda zake barabarani kungoja basi. Mimi nilimfuata nikilia mpaka shangazi, dada yake baba, akanikamata kwa mkono.

Ilikuwa kejeli. Mtu yeyote mwenye masikio angejua kwamba ni kejeli. Lakini baba yangu, Mungu amrehemu, aliisikia kama sharti. Basi la Msambweni lilipita kila siku na angeweza kulipanda akaenda kuzungumza na mkewe kama watu. Hakupanda. Aliapa mbele ya ndugu zake kwamba atafika Msambweni kwa mashua ile ile, injini ikinguruma, amchukue mkewe wakwe wakiona. Kisimani wanawake walianza kunong'ona habari za talaka, wakawa wananyamaza nikikaribia na ndoo yangu. Kwa hiyo mimi nililijua jambo moja: mashua ikifika, mama anarudi. Isipofika, harudi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuziba. Hiyo alipewa ami Hamisi, mdogo wake baba, fundi wa mitumbwi wa Kinondo, mtu wa maneno mengi na nyundo nyepesi. Kama hamjaona kalafati ikipigwa, ni hivi: pamba inasokotwa, inachovywa mafuta ya nazi, inashindiliwa kwa patasi kila palipo na upenyo, kisha juu yake inapakwa shahamu, chokaa iliyokandwa na mafuta, mpaka inaganda. Ami Hamisi hakuwahi kuona tundu akalipita. Aliziba nyufa zilizovuja, akaziba ambazo zingeweza kuvuja, akaziba na vitundu vingine ambavyo wala havikuwa na neno. "Chombo ni mtungi," alikuwa akiniambia huku nikimsokotea pamba. "Tundu ni tundu, mwanangu. Hakuna tundu zuri." Mwisho akaipaka yote rangi nyeupe, na tulipoishusha majini haikuingiza hata tone. Tulishangilia ufuo mzima.

Injini nayo iliitika. Baba alizungusha hendeli mpaka kofia ikamdondoka, injini ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikashika. Tukaondoka Galu asubuhi ile baba, ami Hamisi na mimi, nimeshika ukingo kwa mikono miwili, moyo unanipasuka kwa furaha. Nilikwisha kuchagua maneno ya kwanza nitakayomwambia mama. Tulipofika mbele ya Kinondo, pale msitu wa kaya, ule mtakatifu wa wazee, unaposhuka karibu na maji, sauti ya injini ikapungua. Ikakohoa tena. Ikazima.

Baba akaenda mbele, akafungua kifuniko cha tangi kuangalia mafuta. Nilisikia pumzi. Fyuu! Akachovya kijiti, akakitoa kimelowa nusu. Petroli imo, tena tele. Akafunga, akazungusha hendeli, injini ikashika mara moja. Akaogopa kuendelea, akageuza. Tukarudi mpaka Galu bila kukwama.

Kesho yake, vile vile. Ikafika mbele ya Kinondo ikazima. Kifuniko kikafunguliwa, fyuu, mafuta yamo, ikawaka, ikaturudisha nyumbani kwa adabu zake zote.

Hapo ndipo baba alipoanza kuitafuta ile shida, na nyumba yetu ikageuka gereji. Kwanza alisema petroli ni ya zamani, imelala tangini tangu bwana alipoumwa. Kweli, alipoitoa ilinuka kama vanishi. Akaimwaga, akaleta mpya. Ikazima Kinondo. Akasema basi mna maji ndani ya petroli, lazima ichujwe, na kitambaa cha kuchujia akakikuta juu ya kitanda changu. Nilipiga kelele kama ninayechinjwa. "Ni leso ya mama!" Akanijibu kwamba ni kwa ajili ya huyo huyo mama. Aliirudisha jioni imekauka, ina doa kubwa katikati, na tangu hapo nikawa nalala na harufu ile ninayowaambia.

Ikazima Kinondo. Akafungua mpira unaoleta mafuta, akaupuliza kwa mdomo, akameza petroli kidogo, akashinda siku nzima anacheua. Akabadilisha plagi. Akaifungua kabureta, akaitandaza vipande vipande juu ya mkeka wetu wa kulia chakula, akavisafisha kwa unyoya wa kuku na kuvipuliza vitundu vyake kimoja kimoja. Kila kitu kilikuwa safi. Kila kitu kilirudi mahali pake. Na kila mara mashua ilikwenda vizuri mpaka mbele ya Kinondo, ikazima, ikapumua, ikakubali kurudi tu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na jibu lake. "Mnapita mbele ya kaya na kelele zile, hamkupiga hodi, mnategemea nini?" Ami Hamisi akatumwa kwa wazee wa kaya na ubani na adabu. Akarudi akasema wazee wamepokea salamu, lakini hawana ugomvi na mashua. Wanachotaka ni watu waache kukata kuni msituni mwao, na bibi akiwa mmoja wa hao wakataji. Bibi alisusa chakula cha usiku.

Mimi nilikuwa na langu, wala sikumwambia mtu. Chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu wetu alikuwa ametufundisha habari za radhi, kwamba asiye na radhi, jambo lake haliendi mbele. Mama aliondoka bila kutoa radhi. Kwa hiyo ni yeye, kule Msambweni, anayeishika mashua isiende. Ushahidi wote ulikuwa upande wangu. Ikienda kusini, kwake, inakataa. Ikirudi nyumbani, inakubali. Na ile fyuu, nilijua kabisa, ni mashua yenyewe inashusha pumzi kwa kumhurumia baba. Siku moja nilimwuliza bibi kwa mbali kama mke anaweza kumnyima mume radhi. Akanikata kauli. "Radhi anatoa mume kwa mke. Wapi umesikia kinyume chake?" Sawa, lakini mashua ilikuwa haijaambiwa hivyo.

Kuna asubuhi moja baba alikaidi. Ilipowaka tena mbele ya Kinondo hakugeuza, akaendelea kusini, midomo ameibana. Ikazima kabla ya Chale, maji yanakupwa kwa nguvu na kutuvuta kwenye mlango wa mwamba, kule mawimbi yanakopasukia. Baba akazungusha hendeli kama mwendawazimu. Ami Hamisi akapiga kafi, akamtukana yeye, bwana, na aliyebuni injini, kwa mpangilio huo. Tuliponea chupuchupu, tukasukumwa mchangani. Baba alikaa pale, miguu majini. Nilimtazama nikaona machozi. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba baba anaweza kushindwa.

"Kaka," ami Hamisi akamwambia taratibu, "panda basi."

"Nikafike kwa baba mkwe na mkoba mkononi? Chombo kimenishinda, na mke nimwombe? Hapana."

Basi aliyepanda ni mimi. Shule zilipofungwa, shangazi alinichukua nikakae na mama siku chache. Nilipomwona amesimama mlangoni kwa babu nilisahau maneno yote niliyokuwa nimeyachagua, nikamrukia tu. Alikuwa amekonda. Alikuwa akikaanga bajia asubuhi na kuwauzia wapita njia, na jioni alishona viraka kwa mkono, macho ameyakaza.

Siku ya pili alikuwa anamimina mafuta ya kupikia kutoka kwenye mkebe kuingia karaini. Ninyi mnaujua mkebe: unatobolewa kwa msumari matundu mawili juu, moja huku, moja kule. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu, nasimulia mambo ya mashua bila kituo, na kwa utundu tu nikaweka kidole juu ya tundu la pili. Mafuta yakatoka kwa kwikwi, guluguu, guluguu, yakapungua, yakakatika.

"Toa kidole, mtoto we. Utayaziba pumzi, yatatokaje?"

Nikatoa. Yakamiminika. Nikaendelea na hadithi yangu, nikafika kwenye ile fyuu. Mama akauinua mkebe, akanitazama.

"Hebu rudia hapo. Baba yako akifungua kifuniko, tangi linapumua?"

"Linapumua, mama. Linamhurumia."

"Linatoa pumzi, au linavuta?"

Nilifikiri. Nilikumbuka unywele wangu uliokuwa umening'inia karibu na kifuniko siku moja, ukavutwa kuelekea tangini. "Linavuta."

"Na likishavuta, injini inawaka."

"Inawaka."

"Aliyeikalafati ni nani?"

"Ami Hamisi."

Mama akauweka mkebe chini na kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya leso, akainama akashika magoti. "Hamisi! Yarabi! Hamisi angeziba hata pua ya ng'ombe!" Nilicheka naye bila kuelewa, kwa sababu nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kumsikia akicheka. Kisha akanionyesha. Akarudisha kidole changu juu ya tundu, akamimina, yakakatika. Akakitoa, yakaja. Petroli inatoka tangini kwenda injini kama mafuta haya, akasema, na mahali pake lazima paingie hewa. Tundu la kuingiza hewa limezibwa. Injini inanyonya na kunyonya mpaka inashindwa, na safari zote tangi linajazwa na kufungwa Galu, linaanza kunyonywa hapo, ndiyo maana linachokea pale pale. Baba akifungua kifuniko hewa inaingia, anapata ya kurudia nyumbani. Mashua haina ugonjwa mwingine.

Nikaelewa. Na papo hapo nikakumbuka. "Basi si wewe unayeishika?"

"Kuishika nini?"

Nikamweleza habari ya radhi. Safari hii hakucheka. Alinivuta karibu akanikumbatia, harufu ya bajia imemjaa nguoni.

"Nimwambie baba?" nikauliza. "Nikimwambia atakuja!"

"Hilo ndilo ninaloliogopa. Atakuja, mashua nzima, anang'aa. Atadhani kilichoharibika kilikuwa mashua."

Alinyamaza nalo siku zote nilizobaki. Nilimsihi, nikamlilia, nikagoma kula bajia, na bajia za mama si kitu cha kugomea. Angeweza kunyamaza mpaka leo, na baba angechakaa pale mbele ya Kinondo, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilimwona akilipima jambo lile huku akishona. Shangazi alipokuja kunichukua, mama alinifunga mtandio, akaniinamia.

"Mwambie kuna tundu la pumzi. Alitafute. Na umwambie ni nani aliyekwambia. Usilisahau hilo la pili."

Nilimkuta baba ufukweni, kabureta iko juu ya mkeka tena. Sikungoja hata kumwamkia. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, mkebe, kidole, tundu. Kwanza akakunja uso.

"Mama yako amejua lini mambo ya injini?"

"Hajui injini. Anajua mkebe."

Baba aliiacha kabureta mkekani. Akasimama, akaenda kwenye mashua, akapitisha kiganja ubavuni, mbele, usawa wa tangi. Akaparuza rangi kwa kucha, ikabanduka. Chini yake shahamu, ngumu. Chini ya shahamu, pamba. Akaitoa kwa ndoana, ndefu, imelowa mafuta ya nazi, inakuja na kuja, na ilipokwisha pakabaki mdomo wa bomba dogo la shaba, mwembamba kuliko kidole changu.

"Lakini tundu ni tundu!" ami Hamisi alikuwa analalamika nyuma yetu. "Mimi nitajuaje kwamba lipo tundu la haki? Chombo gani duniani kinatobolewa makusudi?"

Baba alikaa mchangani na ile pamba mkononi. Nilidhani atashangilia, hakushangilia. Akaniuliza mama anafanya nini siku hizi. Nikamwambia anakaanga bajia, na jioni anashona kwa mkono. "Kwa mkono," akasema. Nikamwambia ndiyo, na macho yanamuuma. Akainamisha kichwa. Nadhani ni hapo alipoisikia cherehani kwa mara ya kwanza.

Tuliondoka maji yalipojaa, baba amevaa kanzu yake ya Idi chini ya shati la kazi. Mbele ya Kinondo nilifumba macho, nikasoma sura zote nilizozijua, na nilipofumbua msitu ulikuwa nyuma yetu. Tukapita Chale. Tukapita Gazi. Ami Hamisi aliimba njia nzima, baba hakuimba. Msambweni watu walishuka pwani kutazama, watoto wanapiga vigelegele, babu kasimama na kofia yake, na mama nyuma yake, mikono ameikunja.

Baba aliruka majini, kanzu ikalowa mpaka magotini. Akamwamkia babu kwa kumbusu mkono, akaulizwa hali, akaulizwa safari, akajibu yote kwa utaratibu. Kisha akageuka kwa mama, watu wote wakisikia.

"Nilipewa nichague, nikachagua kama mtu asiye na mke. Ulikuwa hatua chache tu, sikukuita. Nimekosa. Nimekuja kukuuliza sasa."

"Uliza."

"Mashua hii tuifanye nini?"

Mama aliitazama mashua, rangi yake nyeupe, injini yake inayotoa moshi mwembamba. Hakuharakisha.

"Iuze," akasema. "Tununue cherehani."

"Shemeji!" ami Hamisi akapiga ukelele. "Leo ndiyo imepona!"

"Ndiyo maana. Mbovu ingenunuliwa na nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa namtazama baba. Aliigeukia mashua mara moja. Kisha akasema, "Haya," na hakuongeza neno lingine, wala "lakini".

Iliuzwa kweli, kwa mtu wa hoteli, na cherehani ikaja, na nguo yangu ya Idi iliyofuata ilishonwa nayo. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile tulirudi wanne. Baba aliendesha polepole kuliko wakati wowote, mkono mmoja juu ya usukani, mwingine juu ya lile sanduku la injini kama anayepapasa mgongo wa punda wake. Hakulalamika. Mama alikaa karibu naye, mtandio umefungwa chini ya kidevu, na niliona kwamba hatazami bahari, anamtazama yeye. Tulipokaribia Galu, baba akapunguza mwendo ili tushuke nchi kavu.

"Usishuke bado," mama akasema. "Zunguka tena."

"Tena?"

"Tena. Mpaka utosheke."

Tukazunguka ndani ya mwamba, Galu hadi Diani, Diani hadi Galu, mama anacheka maji yakimrukia, baba sasa anaimba kwa sauti yake mbaya, mpaka injini ikakohoa ikazima. Baba akakimbilia kifuniko, akakifungua. Hakuna pumzi. Akachovya kijiti, kikatoka kikavu.

"Yamekwisha," akasema. "Safari hii yamekwisha kweli."

Mama akavua viatu, akachukua kafi moja, akampa baba ya pili.

"Upande gani?" baba akamwuliza.

Mama akamwonyesha, wakaanza kupiga kafi.